Risala Nitaisoma Mwenyewe

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Shule ya Msingi,
S.L.P. 41.

Jumapili, 3 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya lolote, hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukisimama wodini kutwa nzima? Shemeji je, na wapwa zangu? Sisi huku hatujambo. Mama ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue afya imemrudia. Wifi yako mzima, na Chiriku wetu anakua mpaka sketi za shule zinamkimbia magotini.

Barua yako tumeipata. Wifi yako aliisoma kwa sauti, na alipofika pale ulipoandika kwamba umepewa likizo na utafika siku mbili kabla ya Siku ya Wazazi, Mama alipiga kigelegele hadi wale kuku wakatawanyika. Karibu sana. Kitanda chako nimeshakipiga msasa.

Shule yenyewe hutaitambua. Unakikumbuka kile chumba cha stoo tulichokuwa tukifungiwa tukichelewa? Sasa ni chumba cha kusomea. Kimepakwa rangi, dirisha limeongezwa, na rafu zote nimezipiga randa mimi. Vitabu vimefika makasha tisa. Watoto wanachungulia kila siku, pua zimeacha alama kwenye kioo.

Siku yenyewe ni Ijumaa tarehe 22, saa nne asubuhi. Mgeni rasmi atakifungua chumba, madarasa yataonyesha kazi zao, kisha darasa la sita watacheza mpira na walimu. Mwalimu Mkuu, pamoja na kitambi chake chote, ameapa kwamba golini atasimama yeye. Watoto wamefurahi mno kusikia hivyo.

Sasa nije kwangu, na usicheke. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi ni mimi. Ndiyo, mimi Pikipiki, niliyepewa jina hilo kwa sababu nikitaka kusema lazima nipige kiki nne tano ndipo niwake. Siku ya uchaguzi watu walikuwa wanapayuka, nami nimekaa nyuma kimya. Haikuwa busara, Dada. Neno nililotaka kulisema lilikuwa limenikwama tangu ajenda ya kwanza. Fundi viatu, jirani yangu wa karakana, akasimama akasema shule inahitaji mtu mtulivu anayepima maneno yake. Wakapiga makofi. Kukataa kungenichukua dakika kumi, na kikao kilifungwa baada ya mbili.

Kazi nyingine za uenyekiti nilizimudu, maana nyingi zilikuwa za misumari na mbao. Tatizo ni kwamba Siku ya Wazazi mwenyekiti ndiye husoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nikamwomba katibu aisome yeye, nikasingizia macho. Akakubali bila maswali, nami nikalala usingizi mnono.

Hapo ndipo Chiriku alipoingia. Kuna jambo ambalo sijawahi kukuandikia, nilikuwa naona haya, kana kwamba nimemwambukiza mtoto ugonjwa. Tangu uondoke, ulimi wake nao umeanza kukwama kama wangu. Tofauti ni kwamba yeye hajali. Neno likigoma analisukuma mpaka litoke, kisha anaendelea na mengine hamsini. Jina la Chiriku hakupewa bure.

Darasa la tatu wametunga ngonjera kuhusu vitabu, kila mtoto na ubeti wake. Chiriku aliukariri wake kwa siku moja, akatukaririsha na sisi, hata Mama anaujua. Jumatatu iliyopita akarudi nyumbani kimya, akavua viatu na kukaa. Mtoto huyo akikaa kimya, nyumba nzima inaingiwa na hofu. Kumbe mwalimu wake amempa mtoto mwingine ubeti huo, na yeye amepangiwa kumpa mgeni maua.

Nilikwenda shuleni vile vile nilivyokuwa, unga wa mbao kichwani na penseli sikioni. Mwalimu wake ni binti mwema, hilo niliseme mapema. Alinipa kiti.

"Na... nataka mwanangu a... a..."

"Apumzike?" akanisaidia kwa upole. "Ndiyo maana nimempa maua, Baba Chiriku."

Nikatikisa kichwa. "A... a..."

"Ahamishwe darasa?"

Nikatikisa tena. Akajaribu "aombewe", akajaribu "apimwe masikio". Kila aliponirushia neno, langu lilirudi tumboni. Mwisho nikashika ukingo wa meza yake, ambayo ni mimi niliyeitengeneza, nikalisukuma: "ASEME!" Lilitoka kwa kishindo hata darasa la pili, ng'ambo ya ukuta, wakanyamaza.

Mwalimu akashika tama. Akaniambia anaogopa watu watamcheka mtoto. Nikamjibu, na ilichukua muda, na safari hii alinisubiri, kwamba mimi nimeshachekwa sana na bado nipo, lakini yale ambayo sikuyasema ndiyo yanayoniuma mpaka leo. Akaurudisha ubeti.

Nikaenda nyumbani kifua mbele. Nilipompa Chiriku habari hiyo, hakuruka wala hakushangilia. Akaniuliza:

"Baba, na wewe je? Ri... risala si yako? Mbona anasoma katibu?"

Nikasema macho yangu hayaoni vizuri siku hizi.

"Ma... macho yako yanaona mpaka mchwa aliye ndani ya ubao," akasema. "Ukisoma wewe, na mimi nitasema ubeti wangu. Usiposoma, na... nabeba maua."

Wifi yako akageukia sufuria, mabega yanatikisika kwa kicheko. Dada, nimewahi kubanwa na wateja wa kila aina, lakini sijawahi kubanwa vile.

Basi nikajifikiria. Maisha yangu yote nimekuwa nikiyazunguka maneno. Nyundo naiita "ile ya kupigia". Unakumbuka nilivyomwahidi yule mama kitanda chake kesho yake, kwa sababu "Jumatano" iligoma kutoka? Nilifanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, na kitanda kikatoka na mguu mmoja mfupi. Hayo nilikuwa nayaona mzaha tu. Sasa kuna mtoto ananitazama ajue namna ya kuishi na ulimi kama huu, na nikijificha nyuma ya katibu nitakuwa nimemfundisha kujificha. Nimekata shauri. Risala nimeichukua kwa katibu, iko mfukoni mwa koti langu la kazi, na nitaisoma mwenyewe, liwalo na liwe.

Kila siku watoto wakitoka shule tunafanya mazoezi karakanani. Chiriku anasimama juu ya kigoda, mimi nasimama kwenye benchi la kazi. Sheria ni moja tu: hakuna kumaliziana maneno. Fundi viatu anapenda kuja kusikiliza, ila ni mtu wa huruma mno, hawezi kuliona neno linahangaika asilivute. Siku ya kwanza alitumalizia mara saba. Siku ya pili Chiriku akamwambia aje na vile vimisumari vyake vya soli na avibane midomoni kama afanyavyo akiwa kazini. Sasa anakaa pale, misumari imechomoza, macho yamemtoka, na hasemi kitu. Anatusaidia sana.

Mlima wangu ni "Mheshimiwa mgeni rasmi". Siku ya kwanza Chiriku alihesabu kiki kumi na moja, juzi zilikuwa sita. Katibu alipendekeza tuandike kitu chepesi zaidi. Nimekataa. Mwalimu Mkuu naye alikuja kunidokeza kwamba muda ni mfupi, mgeni ana shughuli nyingine saa sita, huenda risala ikachelewesha ratiba. Nikamwambia apunguze hotuba yake. Hilo, Dada, lilitoka bila kukwama hata mara moja.

Usidhani siogopi. Naogopa mpaka mikono inakosea vipimo. Lakini nitasimama.

Sasa nikufikishie ombi ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Tulianza shule siku moja, ingawa wewe ulikuwa umenizidi mwaka mzima, na Mama alikuambia uniangalie. Mwalimu alipofungua daftari la mahudhurio na kuita jina langu, nikakwama, watoto wakaanza kucheka, nawe ukaitika kwa sauti: "Yupo!" Ukaitika hivyo miaka saba. Dukani ulinisemea. Kwa Baba ulinisemea. Hata siku ya kumposa wifi yako, nusu ya maneno yalikuwa yako, na yeye hutania kwamba hajui aliolewa na nani kati yetu. Aliyenicheka ulimrukia, na wengine walikuwa wakubwa kuliko wewe. Nilikupenda kwa hayo, na nakupenda kwa hayo hadi sasa. Nimelazimika kuiweka kalamu chini kidogo nipanguse macho. Lakini ulipoondoka ndipo nilipotambua kwamba kuanza najua, kumaliza sijawahi kujifunza.

Nimekuwekea kiti safu ya mbele, kulia kwa Mama. Nitakwama, hilo tusidanganyane. Utanitazama, na midomo yako itaanza kucheza kama zamani. Neno utalijua kabla yangu. Nakuomba kwa mapenzi yote, usinimalizie. Wala Chiriku usimmalizie. Ukiona huwezi, fundi viatu amekubali kukuazima misumari michache.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko bado kuna baridi. Wifi yako anakusalimu sana. Fundi viatu pia, ingawa salamu zake nimezisoma kwa macho tu kwa sababu ya yale yaliyomo mdomoni mwake. Chiriku anasema shangazi asisahau kamera. Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, na Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu mzima na mgongo wako ukiwa umenyooka.

Jambo moja la mwisho. Kabla ya risala, Mwalimu Mkuu ataita majina ya wanakamati mmoja mmoja, na kila mtu ataitika na kusimama, kama enzi zile za daftari la mahudhurio. La mwenyekiti litaitwa kwanza. Uwanja utanyamaza, na mimi nitakuwa napiga kiki. Kaa kimya, Dada yangu. Nitaitika mwenyewe.

Ndugu yako akupendaye daima,

Pikipiki