Kaka Yako Hakomi

Wifi yangu mpendwa,

Huku hatujambo, na paa limeacha kuvuja baada ya kugombana sana na fundi. Ila kaka yako atanitoa roho! Aliandika gazetini kwamba hospitali haina dawa, wakamweka ndani. Jana nilikwenda kumwona. Badala ya kuniuliza hali, akaninong'oneza habari za mahabusu wenzake wanaosota bila kesi.

"Mpelekee mhariri," akasema.

Mhariri akakataa. "Shemeji, mimi nina watoto."

"Na mimi nafuga kuku?"

Akachukua kalamu, akauliza, "Niweke jina la nani?" Kwa hasira nikamwambia aweke langu.

Gazeti limetoka leo asubuhi. Tafadhali, wifi, njoo uwachukue watoto kabla askari hawajaja kunichukua mimi.

Mke wa yule mkaidi