Vipande vya Bugaluu

Jumapili, 4 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo Mama amesema niliache.

Nimekuwa wa pili darasani. Lakini habari kubwa iko kwenye cherehani ya Babu: suruali za bugaluu zimerudi! Vijana wale wale waliotaka za kubana, hata kuzivua wasaidiwe, sasa wanataka miguu mipana ya kufagia barabara.

Fundi wa jirani akamtania Babu: "Mzee, si wewe uliyemkata mwanao bugaluu kwa mkasi mbele ya wateja, akahama mji?"

Lile la kuacha ndilo hilo.

Babu alifungua kabati, akatoa suruali yako ya kahawia pamoja na vile vipande alivyokata, vimekunjwa vizuri miaka ishirini yote. Jana alivishona mahali pake, akapiga pasi huku akiimba.

"Aje aijaribu," akasema. "Zamani alikuwa mwembamba kama uzi, siku hizi sijui. Mwulize wewe, mjukuu wangu. Mimi naona haya."

Basi nijibu upesi, Mjomba: kiuno chako sasa ni inchi ngapi?

Mpwa wako unayemjua kwa picha tu