Ukurasa wa Pili

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu sikuletei nyingi. Hali yangu unaijua, ulikuwepo waliponitoa titi. Usilojua ni kwamba leo muuguzi amenibadilisha bandeji, nami nikaona nyingine, nyuma ya nyonga. Titi liko kifuani. Nyongani walifuata nini? Akaniambia, "Mama, walichukua uboho kidogo, si ulikubali?" Mimi? Nilikuwa nimelala fofofo.

Karatasi ya kukubali upasuaji ulinisomea wewe, maana miwani niliisahau juu ya cherehani. Habari ya uboho sikuisikia. Na binti yako ana upungufu wa damu tangu mwaka jana. Mmempelekea yeye? Nijibu, Bi Daftari, wewe unayeandika kila kitu.

Dada yako, kwa sasa.

5 Machi

Dada,

Natumaini kidonda kinakauka. Sisi tu wazima, ijapokuwa barua yako imenipiga kofi. Binti yangu alipewa vidonge, naye amepona tangu Januari. Uboho wako hauhitaji.

Walichofanya ni hiki: ukiwa bado usingizini, usije ukasikia maumivu, daktari alichoma sindano kwenye mfupa wa nyonga akavuta uboho kidogo, haujazi kijiko. Unapimwa kwa darubini kuona kama chembe za saratani zimetoka titini zikajificha ndani ya mfupa. Si kila mgonjwa hupimwa hivyo. Zikionekana, si hukumu. Kuzijua kunamsaidia daktari kupanga matibabu yanayofuata.

Majibu yanatoka tarehe 16. Nenda, na habari za wizi tuziache.

Mdogo wako.

8 Machi

Wewe,

Kijiko unakijua, darubini unaijua. Mbona mimi sikujua? Umenifundisha vizuri sana, siku sita baada ya kutobolewa. Tarehe 16 siendi. Sindano zao zilizobaki wakazichome ukutani.

Fungua hilo daftari lako, uninakilie ulichoandika siku ile, neno kwa neno. Ukipunguza nitajua. Nimekulea.

Dada yako.

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu. Nanakili:

"27 Februari, saa moja na nusu asubuhi. Dada amesema mara mbili kwamba anataka kurudi nyumbani. Nimemsomea ukurasa wa kwanza. Wa pili ni wa sindano ya nyonga. Nimeuruka. Nimemwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, akatia."

Niliogopa ungevaa viatu ukaondoka na uvimbe wako. Uboho sikukuibia. Nafasi ya kukataa ndiyo niliyokunyima. Nitukane, ila nenda.

Mdogo wako.

14 Machi

Bi Daftari,

Nimesoma, na miwani yangu usoni. Miaka thelathini nashona, sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja kabla hajaniambia anataka nini. Wewe umewaachia watu mwili wangu kwa kufunua karatasi mbili pamoja. Ungenisomea, ningekufokea, ningelia, kisha ningetia sahihi. Hukuniamini hata kwa hilo.

Tarehe 16 nitakuwa hospitali saa mbili asubuhi. Njoo, maana mkono wa upande waliokata haunyanyuki na mkoba ni mzito. Kwa daktari naingia peke yangu. Wewe utakaa kwenye benchi la nje. Usiniulize kitu nikitoka. Nitakupa hayo majibu nikiwa nimeshayasoma, nawe utanisomea kwa sauti, kurasa zote, mpaka kwenye mhuri.

Dada yako. Sijakusamehe.