Siku Nilipomfukuza Mauti kwa Mdomo

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mahali penye jua, maana naijua baridi ya Bura mwezi huu, na natumaini umeamka na nguvu kidogo. Mimi huku Uarabuni sina ugonjwa wowote, ila joto linatupika. Tunalinda lango la ghala kwa zamu, na kofia ukiivua unaweza kuikamua kama nguo. Nakula, nalala, na sijagombana na mtu mwezi mzima, jambo ambalo najua hutaliamini.

Anayekuletea barua hii ni Bwana Salimu, mtu wa Chala, mkubwa wangu kazini. Anakuja likizo, na kwa kuwa njia yake kutoka Voi inapita upande wetu, amekubali kupanda mpaka nyumbani. Mpe chai. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Dada yangu Wakesho naye nimemwambia aje kutoka kwake Voi, awe hapo. Lakini usimpe yeye akusomee. Vaa miwani yako. Nimeandika herufi kubwa kubwa makusudi ili uisome wewe mwenyewe.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu siwezi, Mama. Nikisikia sauti yako mdomo wangu unakimbilia mzaha, halafu simu yako siku zote umeiweka kwa spika na jikoni kumejaa watu.

Nianze na habari ya filamu.

Unakumbuka kazi yangu ya kwanza nilipomaliza shule, kwenye kibanda cha video karibu na soko la Voi. Filamu inaongea Kichina au Kihindi, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, nami nimeshika maikrofoni nawaeleza watu kwa Kiswahili. Nisipoelewa naongeza yangu. Siku moja ulishuka kutoka Bura kunitafuta, ukaketi nyuma na kikapu chako magotini, ukanisikiliza filamu nzima. Ilipoisha ukaniambia, "Dishon, mdomo huo utakuja kukuponza." Niliwasimulia jamaa wakacheka wiki nzima.

Basi kazi hiyo imenifuata huku. Kila Ijumaa alasiri, wasio na zamu hukusanyika kwenye ukumbi wa chakula, shuka inatundikwa ukutani, na mimi ndiye DJ. Wako Wakenya, Watanzania na Waganda wachache. Wengi Kiingereza wanakijua, lakini kile cha maandishi kinapita mbio, na mtu aliyesimama juani kwa saa kumi na mbili hataki kusoma. Anataka kusimuliwa.

Ijumaa moja mwezi uliopita walileta filamu isiyo na bunduki hata moja. Watu wakanung'unika. Ni habari ya fundi wa kushona, mama wa makamo anayeishi peke yake kwenye kijiji cha milimani. Ameshika gauni la harusi la binti wa jirani. Mlango unabishwa, anaingia mwanamke mwenye mvi, viatu vyake safi ingawa nje ni matope matupu. Ni Mauti. Wala hajifichi, anataja jina lake. Fundi anamtazama, kisha anamwambia, "Ngoja kwanza nimalize gauni la watu." Mauti anavuta kiti anaketi.

Sasa huyu Mauti hajawahi kungoja mtu. Hajui kufanya chochote kwa mikono yake. Fundi anamfundisha kutunga uzi kwenye sindano, anajichoma kidole na kushangaa kwamba kinauma. Anaonja mchuzi, anaomba tena. Anachoka, na hajui kwamba kile anachosikia mgongoni kinaitwa kuchoka. Mimi nilimpa sauti ya mama mkwe aliyekuja kutembea siku mbili akakataa kwenda. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko.

Halafu Mauti akaanza kumpenda yule fundi. Fundi akienda mtoni kuteka maji, yeye anachukua mkasi na kulifumua pindo la gauni. Fundi anarudi, anaikuta kazi yote imefumuka, anadhani ni macho yake yameharibika, anaanza upya. Ikawa hivyo siku baada ya siku, gauni haliishi. Mwishowe fundi akarudi mapema, akamkuta na mkasi mkononi.

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nilidhani fundi atashukuru, maana amepewa siku za bure. Mama, hakushukuru. Alikasirika mpaka ndoo ikamwanguka. Maandishi yakapita chini nami nikayasoma yote: "Siku zote hizi umenifanya nirudie pindo moja. Ningejua ni wewe, ningeliacha gauni la watu nikaenda kukaa na ndugu zangu. Hukunipa siku. Umeziiba."

Nikanyamaza. Sijawahi kunyamaza na maikrofoni mkononi tangu niijue. Jamaa wakaanza kupiga kelele. "DJ, anasema nini? Sema basi!" Mwingine, akimaanisha yule fundi, akasema, "Bwana, stering hafi, ama?"

Nikawaambia, "Anamwambia toka nyumbani kwangu, na usirudi tena."

Makofi yakapigwa. Kwenye picha fundi alikuwa anamalizia mshono wa mwisho, anakata uzi kwa meno, anavaa viatu, anatoka na yule mwanamke wameshikana mikono. Nikasema anamsindikiza mpaka njia panda. Kisha wakaonyesha gauni limetundikwa na nyumba haina mtu. Nikasema fundi amehamia kwa watoto wake mjini. Watu walitoka wamefurahi, wananipiga mgongoni, wananiambia leo umetuweza.

Kesho yake asubuhi tulikuwa langoni, mimi na Bwana Salimu. Yeye Kiingereza anakisoma kunishinda. Akaniuliza polepole, bila ukali, "Dishon, yule mama hakusema vile. Mbona umewadanganya watu?"

Nikamwambia, "Mzee, watu walitaka kufurahi."

"Walitaka wao, au ulitaka wewe?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikatikia. Nililia pale langoni, Mama, nimevaa sare, malori yamepanga foleni, madereva wanapiga honi niwafungulie. Bwana Salimu aliwafungulia yeye. Halafu nikamwambia habari ambayo sasa nakuambia wewe.

Majibu yako ya hospitali yalipotoka, Wakesho ndiye aliyekwenda kuyachukua. Ile karatasi ya Kiingereza alinitumia picha yake kabla hajafika nyumbani. Wewe ukapiga simu jioni, ukasema, "Nisomee, mwanangu, neno kwa neno." Nilikuwa nimeshaisoma mara tatu. Nikakuambia ni vidonda vya tumbo. Nikakuambia uache maharagwe na pilipili, upumzike mpaka vipone. Nikaongeza hata utani kwamba utarudi kunywa uji kama mtoto mchanga. Ukacheka. Nilipokusikia ukicheka nilijiona nimefanya jambo jema.

Haikuwa kweli, Mama. Wakesho anajua. Alinipigia baadaye akilia, nami nikamwapisha asikuambie. Usimkasirikie. Kila wiki ananisihi, na kila wiki nimekuwa nikimwambia bado.

Na mimi kuliko wote nilipaswa kujua. Baba alipolazwa, sisi wanaume tulikubaliana tusikushtue. Tukakuambia anaendelea vizuri, uje kesho. Ukabaki shambani unapalilia. Kesho yake ulifika na shati lake safi na chupa ya uji, ukakuta kitandani pake kuna mgonjwa mwingine. Hukulia mbele yetu. Ulisema tu, "Mlinifanya mtoto." Ukampa yule mgonjwa ule uji. Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia, na bado nimekufanyia jambo lile lile mara ya pili.

Miezi minne umekula uji na viazi vya kuchemsha kwa sababu yangu. Wewe, ambaye ukipika kimanga cha mihogo na maharagwe majirani huanza kupita njia yetu bila sababu. Tena nilipokuuliza mbona hujaenda Njukini kumwona Mama Mkubwa, dada yako wa pekee aliyebaki, ulinijibu, "Nikipona nitaenda, sitaki anione hivi." Ukawa unangoja kupona. Mimi ndiye niliyekuweka kwenye kungoja huko, na kila nikipiga simu nilikuwa nakukalisha tena.

Kwa hivyo nakusomea sasa, kama ulivyoniomba.

Karatasi inasema una kansa ya tumbo. Inasema imeshafika kwenye ini. Inasema upasuaji hautasaidia. Inasema kuna dawa za kupunguza maumivu, na kwamba yakizidi upewe zenye nguvu zaidi, usiachwe uvumilie. Inasema muda uliobaki huenda ni miezi, si miaka, na kwamba hakuna awezaye kusema ni mingapi. Mstari wa mwisho unaomba mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapo inaishia. Sijaongeza, sijapunguza.

Kama unalia, weka barua chini kwanza. Bwana Salimu hana haraka.

Vile vidonge vyeupe Wakesho anavyokuletea unywe tumbo likichoma ndizo dawa zenyewe. Najua unavinywa nusu nusu ukidhani unavitunza. Usivitunze. Vikishindwa, mwambie akupeleke ukapewe vingine, na daktari akikuuliza, mwambie unajua.

Niliogopa, Mama. Sina neno zuri kuliko hilo. Niliogopa kwamba nikilitamka, litakuwa kweli, na mimi niko mbali, siwezi hata kukushika mkono. Nilijiambia nakuhurumia wewe, kumbe nilikuwa najihurumia mimi. Nilitaka nikipiga simu nikukute ni yule yule, unanigombeza, unaniuliza kama nimekula, ili nilale. Nisamehe ukiweza. Ukikasirika pia ni haki yako, na usinifichie hasira hiyo ati kwa sababu niko ugenini.

Sasa siku ni zako. Ukitaka kimanga, kipike, au umwambie Wakesho akupikie mbele yako umsahihishe. Ukitaka kurudi hospitali ukaulize maswali yako mwenyewe, nenda. Ukitaka kunyamaza na kulala, hakuna mtu atakayekusumbua. Na ukitaka kwenda Njukini, Bwana Salimu anaelekea upande huo huo. Amesema yuko tayari kungoja mpaka kesho asubuhi ufunge mzigo wako, na atakufikisha mpaka mlangoni kwa Mama Mkubwa. Ni mtu mpole, ila anaongea sana habari za ziwa lao la Chala. Mvumilie.

Mimi nimeomba ruhusa ya kuja. Mkubwa wa hapa amesema jibu litatoka mwisho wa mwezi ujao, akipatikana mtu wa kushika zamu yangu. Sijamficha sababu. Nikiruhusiwa leo, kesho niko njiani. Lakini nakuomba usikae nyumbani kwa ajili ya kuningoja. Ukiwa Njukini nitakufuata Njukini, ukiwa hospitali nitakuja hospitali. Nenda unakotaka.

Ijumaa iliyopita niliwaambia jamaa ukweli wa ile filamu. Nilisimama mbele ya shuka, nikawaeleza yule fundi alisema nini na alikwenda wapi. Kijana mmoja wa Tanga aliondoka katikati ya maelezo, nikadhani amechukia. Kumbe alikwenda nje kumpigia baba yake simu. Hakuna aliyenipiga mgongoni siku hiyo.

Msalimie Wakesho na mumewe, na umwambie kaka yake amemfungua kile kiapo. Msalimie jirani yetu mama Mghoi, anayekutekea maji siku hizi, na katekista anayekuletea komunyo nyumbani. Mama Mkubwa umwambie kwamba mimi ndiye niliyekuchelewesha, si wewe, na kwamba nampa shikamoo yake nikiwa nimeinamisha kichwa.

Hapa ndipo watu huandika kwamba tutaonana. Nimeshika kalamu juu ya neno hilo tangu asubuhi, Mama, kwa kuwa ndilo ninalolitaka kuliko yote niliyowahi kutaka. Sitaliandika. Sijui.

Mwanao,
Dishon