Kwenu ni Wapi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini. Natumaini u mzima na kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo, unaujua, mzima kabisa.

Bila shaka umesikia kwamba wakoloni wanaondoka mwisho wa mwezi na nchi jirani inatuchukua. Mafundi wote mtaani tumepewa kazi ya kushona bendera mpya. Peke yangu nimeshamaliza arobaini, na vidole vimechubuka.

Kisha likatoka tangazo kwamba kila mkazi ajiandikishe. Mzaliwa wa hapa atakuwa raia. Asiye mzaliwa ni mgeni, anapewa miezi mitatu aondoke. Tangu siku hiyo mwenye duka la vitambaa, yule mcheshi, anajifungia kwa komeo mchana kweupe. Nami naogopa, Kaka, mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Mama hawezi kupanga foleni, kwa hiyo nilikwenda mimi kuandikisha nyumba nzima, wewe ukiwemo. Karani, mpole kweli, akaniuliza kwetu ni wapi. Unajua Babu alivyotulea: ukiulizwa kwenu, unataja alikotoka yeye, safari ya siku tisa, hata kama hujawahi kupakanyaga. Nikapataja, tena kwa madaha. Akaandika, akagonga muhuri. Nikangoja aniulize tulizaliwa wapi, nimjibu ni hapa hapa. Kumbe swali lilikuwa ndilo lile.

Jana imekuja barua: sote ni wageni. Nilirudi kwa karani mbio, kanga inanidondoka, nikamweleza. Akasema kilichogongwa muhuri hakifutwi, na majina yameshapelekwa mpakani. Ukifika pale watakunyang'anya pasi na kukupakia garini hadi huko kwa Babu, ambako hatujui hata mtu mmoja.

Ni mimi niliyetuponza, Kaka. Mama hajui. Barua nimeificha kwenye droo ya cherehani, naye asubuhi hii ameniamuru nianike godoro lako.

Majirani wanakusalimu. Mama anakusalimu kuliko wote, na ameniagiza nikuandikie urudi upesi, akuone angali anaweza kusimama. Nimeandika kama alivyoniagiza. Mimi nakuomba usije.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi