Majani ya Msiba

Jumapili, nyumbani Kanazi.

Mvua imeanza tangu asubuhi na haina dalili ya kuondoka. Mvua ya Bukoba ni kama shangazi zangu, ikifika ujue imekuja kukaa. Niko barazani na simu mkononi, najikuna.

Mwilini sina kupe. Nimejikagua, nimevua nguo na kuzikung'uta moja moja mpaka soksi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, basi mimi nguoni sikukuta kitu. Lakini kila nikikaa kuna kitu kinatembea mgongoni, polepole.

Ndama amekufa leo alfajiri.

Naandika hivyo halafu naona aibu, maana mwezi haujaisha tangu tumzike baba yetu, na mimi nalilia ndama. Lakini ndama yule alizaliwa msibani. Tulikuwa tumetoka kumzika Tata kibanjani, chini ya migomba yake, ng'ombe wetu Bihogo akazaa kabla waombolezaji hawajaondoka. Mama alikuwa hagusi chakula. Ndama aliposimama kwa mara ya kwanza, Mama akaomba ndizi na maharage, akala mpaka akamaliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Jina hakuwa nalo. Majina ya ng'ombe alikuwa anatoa Tata, na hakuna aliyethubutu kukalia kiti hicho.

Sasa habari ya majani. Kwetu msiba haukaliwi kwenye mikeka ya plastiki, angalau kwa Mama haukaliwi. Sakafu inatandikwa majani mabichi, watu wanakaa hapo, wanasali rozari hapo, wanalala hapo. Rweya yetu, yaani nyika tunakokata majani, ilikuwa imechomwa moto, imebaki majivu. Mama akasema Tata hataagwa juu ya plastiki kama mzigo wa dukani. Ndipo binamu zetu wa Ngenge, kule Muleba kwenye mifugo mingi, wakaja na pikapu imejaa majani mpaka juu. Yananukia vizuri. Tukawashukuru sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msiba ulipokwisha, majani yale yalipaswa kutandazwa kwenye migomba. Mama akakataa. Alisema majani yaliyomlaza Tata hayawezi kwenda kuoza tu. Akayabeba mwenyewe, mafungu kwa mafungu, akamtandikia ndama zizini.

Ng'ombe wetu hawaendi malishoni. Wanaletewa kila kitu zizini, na kupe kwetu walikuwa wachache mno, hao wachache Tata aliwatoa kwa mkono. Kila jioni aliingia na lile koti lake la kijivu, akaanza na sikio la kushoto la Bihogo, akapekua ndani na nyuma, kisha la kulia. Sisi watoto tukitoka kucheza rweya alitupanga mlangoni akatufanyia vilevile. Sikio la kushoto kwanza. Hatukuruhusiwa kula kabla ya ukaguzi.

Alipokufa, hakuna aliyekumbuka masikio.

Alhamisi Mama alinipigia simu dukani mjini, anasema ndama hanyonyi, anakohoa. Nilimkuta bwana mifugo wa kata ameshafika. Kijana mpole, alimwamkia Mama shikamoo, akapewa kahawa ya kutafuna, akabaki nayo kiganjani bila kutafuna hata punje. Alinishikisha chini ya sikio la ndama. Tezi zimevimba, ngozi inachoma. Kisha akakunja sikio lenyewe, nikawaona. Wamejipanga humo ndani, wa kahawia, wametulia kabisa.

"Ni ndigana kali, mama, homa ya kupe. Nitamchoma sindano, ila amelemewa."

Akaokota majani chini, akayageuza geuza. "Haya yalitoka wapi?"

Nilitamani niseme sijui.

"Ngenge," Mama akajibu. "Ni ya msiba. Niliyaleta humu mimi."

Bwana mifugo akayarudisha majani chini. Nadhani alielewa kwamba hapo hapahitaji somo. Aliponiaga njiani ndipo akaniambia tunyunyize dawa zizi lote, niyaondoe majani yale, na mtu yeyote hapa nyumbani akipata homa aende hospitali haraka na aseme wazi kwamba ameumwa na kupe. "Binadamu naye hayuko salama, dada," alisema.

Jana nimeyazoa yote nikayachoma. Moshi wake ulinukia kama siku ile ya msiba, nikawa nageuka nyuma nikidhani kuna watu wanasali. Leo majirani wamenisaidia kumfukia ndama. Mama hakutoka chumbani, na sahani yake ya mchana iko mezani imefunikwa vilevile.

Naogopa. Naogopa kwamba Mama naye ameamua kumfuata Tata.

Na kuna Bihogo. Kila jioni, saa zile za Tata, anaacha kutafuna na kugeuza kichwa mlangoni. Anangoja. Hamtafuti ndama, maana alikuwa anafanya hivyo hata ndama alipokuwa hai, amelala miguuni pake. Nimeshindwa kuingia zizini saa hizo.

*

Nimerudi kuandika.

Nilikuwa bado najikuna pale barazani Mama akatoka. Alikuwa amevaa koti la Tata, mikono imemzidi urefu. Akaniangalia.

"Ija, mwana wange. Njoo, lete sikio."

Nikakaa chini mbele yake, mtu mzima na miaka yangu. La kushoto kwanza. Vidole vyake ni baridi. Akapekua ndani, akapekua nyuma, akahamia la kulia, akapandisha kwenye nywele.

Vidole vikasimama.

Akavuta. Nilisikia kitu kinaachia ngozi. Akanionyesha kiganjani, mdogo, wa kahawia, miguu inacheza. Kumbe sikuwa nimechanganyikiwa. Alikuwepo muda wote, mahali ambapo siwezi kujiona mwenyewe.

Mama akamsaga kwa jiwe. Alilia kidogo, bila sauti, huku amenishika kichwa. Halafu akavuta mikono ya koti na kushuka kwenye mvua. "Twende," akasema. "Huyu mwingine naye hana wa kumtazama."

Sasa nitakuwa naamka kila asubuhi nikijipima homa kwa kiganja. Ikija, nitasema wazi, kama nilivyoagizwa. Je, nitaweza kumwambia daktari bila Mama kusikia akajilaumu?

Tulipofika, Bihogo alikuwa ameshageukia mlango. Leo mtu aliingia. Ng'ombe akalinusa koti kwa muda mrefu, akateremsha kichwa, akasogeza sikio la kushoto.