Saa Iliyokutwa Sakafuni Ikionyesha Saa Nne na Dakika Kumi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada. Dukani naitwa Mama Mishale.
Umri: miaka 41.
Kazi: muuzaji wa saa za mkono, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Makazi: nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa pili kutoka dukani.

Mnamo Jumatatu tarehe 10, saa mbili kamili asubuhi, nilifungua duka nikiwa na mwenye duka. Tulikuta dirisha la nyuma limevunjwa na saa thelathini na sita hazipo. Moja tu ilikuwa sakafuni, kioo kimepasuka, mishale ikionyesha saa nne na dakika kumi. Kasha la chuma, ambamo saa hulazwa usiku, lilikuwa limefungwa, halina hata mkwaruzo. Mwenye duka alisema, "Hilo dirisha ni danganya toto. Aliyeiba ana ufunguo."

Ufunguo wa kasha anao fundi wa duka, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja. Jumapili alionekana akitoka dukani saa nne na robo asubuhi; alifuata koleo yake. Askari walijumlisha mambo hayo, wakamchukua. Leo ni siku ya nne.

Naomba iandikwe kwamba saa ile haikusimama kwa kuanguka. Duka lilianzishwa na babu wa mwenye duka, enzi ambazo wanaume walibeba saa za mfukoni na kuzicheka za mkono kuwa ni bangili za wanawake. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu: saa ya kuuzwa huvutwa kitufe cha pembeni ili isitembee, na mishale huwekwa saa nne na dakika kumi, jina la mtengenezaji lisizibwe. Zote thelathini na saba zilikuwa hivyo. Mjukuu wake hajui, maana hajawahi kusimama kaunta hata siku moja. Kitazameni kitufe cha saa hiyo.

Kaka yangu anayajua haya kuliko mimi. Jumanne nilipompelekea nguo nilimuuliza kwa nini hasemi. Alinijibu, "Nikitaja mishale, wataniuliza saa zilikuwa wapi. Nyamaza, mdogo wangu. Wanao watakula jeuri?"

Sasa nasema zilikuwa wapi. Jumamosi tarehe 8, saa kumi na moja jioni, ilikuwa zamu yangu kuziingiza kwenye kasha. Jirani alipiga simu kwamba mwanangu ameanguka kwenye ngazi, nikachanganyikiwa. Kaka aliuliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Akafunga kasha bila kuchungulia, kwa kuniamini. Trei yenye saa zote ilibaki kwenye kabati la kioo.

Najua kibarua changu kitaota nyasi, na naogopa sana. Lakini siwezi kulala kwenye nyumba ya mtu aliyeko rumande kwa kosa langu.

Nimesema yote niliyonayo, kwa hiari yangu. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi ya shahidi: ..................

Maelezo nimeyachukua mimi, askari mpelelezi, Alhamisi tarehe 13, saa tano na nusu asubuhi. Kielelezo, yaani saa iliyokutwa sakafuni, kimetolewa kwenye bahasha mbele ya shahidi: kitufe kimevutwa nje. Mtuhumiwa alipojulishwa alisema, "Nilimwambia anyamaze," kisha akalia.